Sentimita 90 za Reli

Kipande cha kwanza kililetwa saa mbili usiku, kimeviringishwa kwenye kiroba cha mchele na kufungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda. Kijana aliyekileta hakuzima pikipiki. "Elfu arobaini, bosi. Nusu mita na ushee," akasema, macho yake yako barabarani. Fundi alikuwa ametafuta reli miezi mitatu, na hiyo elfu arobaini alikuwa nayo mfukoni. Hakununua. Nisimpambe lakini: hakukumbuka sheria yoyote. Ni kwamba mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye benchi namalizia mahesabu ya mwezi, nikaomba tochi.

Karakana yenyewe ni ya watu wanne, hapa Morogoro. Majina nayaacha. Mimi si fundi, nawashikia daftari tu, wao na karakana nyingine chache za jirani. Nakiandika kisa hiki chote kwa sababu swali la "reli naipata wapi" naulizwa kila mara na wahunzi na wachomeleaji, na majibu wanayopeana vijiweni ni mawili. Wapo wanaosema nenda kando ya njia utaokota. Wapo wanaosema hiyo haiguswi, utafungwa. Wote wamekosea, ila wa kwanza wamekosea vibaya zaidi.

Kwanza haja. Karakana inatengeneza mageti na madirisha kama kila mtu, lakini hela inayolipa pango hata mwezi ukiwa mbaya inatoka kwa wapasua mawe wanaoleta tindo kunolewa na wakulima wanaoleta majembe na shoka. Kazi hiyo inataka fuawe, chuma kizito cha kufulia juu yake. Walikuwa wakifulia juu ya habu ya lori iliyopinduliwa. Habu nyingi ni chuma cha kumimina, kizito lakini hakipendi nyundo, na mwezi wa tatu ikapasuka kutoka tundu la bolti hadi ukingoni. Kuanzia hapo tindo zikawa zinanolewa juu ya kipande cha bamba nene kinachorukaruka.

Reli ni jibu la zamani la tatizo hili. Ukipita Kamukunji, Nairobi, utawakuta mafundi wa jua kali wanafua masufuria na masanduku juu ya vipande vya reli mchana kutwa. Chuma chake kina kaboni nyingi kuliko nondo au chuma cha geti. Kwa reli nyingi za kawaida ni kati ya asilimia 0.6 na 0.8, pamoja na manganizi karibu asilimia 1. Ndiyo maana uso wake unavumilia nyundo bila kubonyea, na grainda ikiigusa inatoa cheche zinazotawanyika kama fataki.

Turudi kwenye tochi. Uso wa juu wa kile kipande, pale gurudumu linapopita, ulikuwa unang'aa kama kijiko. Reli iliyolala stoo inaota kutu kichwani sawasawa na ubavuni. Inayong'aa imepitiwa na treni juzijuzi. Ncha moja ilikuwa imekatwa kwa diski, mkato mpya kabisa, una ukingo wa bluu pale chuma kilipochemka. Ncha ya pili ilikuwa na nusu ya tundu la bolti, maana yake ilitoka karibu na kiungio. Na ubavuni kulikuwa na herufi zilizoinuka, zile zinazotoka na chuma chenyewe kiwandani: 80 A, halafu mwanzo wa mwaka, tarakimu nyingine zimeliwa na mkato.

Hapo ndipo nilipomwambia Fundi aache. Reli inatembea na kitambulisho chake ubavuni, na asiye na haja ya kusoma herufi anaweza kutumia futi na mizani. Hiyo 80 A ni reli ya kipimo cha Kiingereza, ratili 80 kwa yadi, karibu kilo 40 kwa mita. Reli ya kati ya zamani ilikuwa na urefu mwingi wa reli nyepesi za ratili 56.12 kwa yadi, kama kilo 28 kwa mita, na kwa miaka hii zimekuwa ziking'olewa na kutandikwa za ratili 80. Kilomita 89 kati ya Kitaraka na Malongwe ni mfano mmoja. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilitandikwa reli ya kilo 45 kwa mita. SGR, reli mpya ya kisasa, ni kilo 60. Kwa hiyo kipande kikiwekwa kwenye mizani ya nyanya, mtu anayejua mambo anaweza kukisia mwenye mali ni nani. Nyepesi ya ratili 56 inaweza kuwa imetoka kwenye mzigo ulioondolewa njiani kihalali. Lakini ya ratili 80 inayong'aa kichwani, imekatwa wiki hii? Hiyo bado iko kazini. Kuna mahali imeacha pengo, au imechukuliwa kwenye njia ya pembeni ya stesheni ambako mabehewa yanapita polepole.

"Mzee, imeshakatwa hii," Fundi akaniambia kwa sauti ya chini. "Nisiponunua mimi, atanunua mwenzangu."

Hoja hiyo naisikia sana na siidharau, ila haimsaidii mtu mahakamani. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 311 kuhusu kupokea mali ya wizi, na mbele yake kidogo kipo cha 312, kuhusu kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Hicho cha pili ndicho kinachowaumiza mafundi, kwa sababu swali linageuzwa kwako wewe: ulikipataje? Usipotoa maelezo yanayoiridhisha mahakama, umekwisha. Na kwa mali ya umma na miundombinu ya reli, mashtaka yanaweza kupanda hadi uhujumu uchumi. Kijana wa bodaboda hatakuwepo siku hiyo. Kipande kitakuwepo, kimechimbiwa kwenye kisiki katikati ya karakana, herufi zinaangalia mlangoni.

Kijana akaondoka amenuna. Asubuhi tulipita stesheni tukaeleza tulichokiona.

Hapa niingize neno kuhusu wale wa "utaokota". Reli iliyolala kwenye majani kando ya njia ina mwenyewe. Mara nyingi ni ya akiba, imeshushwa pale na watu wa gengi ili wasibebe chuma cha kilo mia tatu kutoka mbali siku ya matengenezo. Tena iko ndani ya hifadhi ya reli, ambayo ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini, eneo ambalo huna ruhusa ya kufanya shughuli zako hata ukiwa mikono mitupu. Na njia iliyoota majani haijafa. Njia ya kwenda Moshi ilikaa miaka zaidi ya ishirini bila treni ya abiria, watu wakapanda mahindi na kuweka vibanda, halafu Desemba 2019 treni ikarudi, na 2020 ikafika Arusha. Aliyekuwa amejikatia kipande huko akidhani ni mabaki alikuwa amekata njia ya treni. Zipo kweli njia zilizofungwa moja kwa moja, kama ile ya Mtwara kwenda Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufungwa 1962, lakini hizo nazo ziling'olewa na wenyewe.

Baada ya hapo likaja kosa langu. Nilimpeleka Fundi kwa muuza skrepa. Yadi ilikuwa na geti, mizani, mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, na kibali cha NEMC, baraza la mazingira, cha biashara ya chuma chakavu kimetundikwa ukutani kwenye fremu. Nikasema tumefika. Kulikuwa na vipande vitatu vya reli chini ya rundo la rimu. Tukachagua kimoja, tukaacha elfu kumi ya kushikia, na yule bwana akatuonyesha risiti anazotoa: "chuma chakavu, kg 30." Nikamwambia Fundi risiti ya EFD inatosha, tumemaliza.

Jirani yake Fundi ni askari mstaafu. Jioni hiyo alisikiliza habari yetu yote huku anakunywa kahawa, kisha akauliza jambo moja tu: "Risiti inasema mmenunua chuma kwake. Yeye chuma kile amekitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Kibali cha NEMC kinaonyesha kwamba anaruhusiwa kukusanya na kuhifadhi vyuma chakavu. Hakionyeshi kwamba kila chuma kilichomo yadini kimeingia kwa njia safi. Na risiti inayosema "chuma chakavu" inaweza kuwa ya rimu, ya bodi ya gari, ya kitu chochote. Ukimwonyesha mpelelezi risiti hiyo na kipande cha reli, atakuambia hivyo ni vitu viwili tofauti. Kesho yake tukarudi yadini, tukaomba karatasi ya mauzo ya awali. "Mzee," akanijibu, "mimi nanunua kwa mizani. Siulizi ukoo." Alirudisha elfu kumi yetu, na nashukuru kwa hilo, ingawa alisindikiza kwa maneno.

Ndipo tukaenda kwa wenye reli, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Tulibeba barua ya maombi, barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa na nakala ya TIN ya karakana. Tulipokelewa kwa adabu, tukaelezwa jambo ambalo ukilifikiria ni la haki: shirika la umma haliwezi kumkatia mtu kipande dirishani. Shirika la Reli linafanya kazi chini ya Sheria ya Reli Na. 10 ya mwaka 2017, na uondoshaji wa mali za umma unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma, ya sasa ikiwa Na. 10 ya mwaka 2023. Mali chakavu inaorodheshwa, inathaminiwa, inatangazwa kwa zabuni au mnada, inauzwa kwa mafungu, kwa hali ilivyo na mahali ilipo. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kwa mtu mdogo. Pau moja tu ya mita 12 ya ile reli nyepesi ni kilo 334, na hakuna anayeuza fungu la pau moja. Unanunua tani, unalipa kwa kumbukumbu namba, unaleta lori lako na watu wako wa kupakia, ndani ya siku ulizopewa. Karakana ya watu wanne haina hata mahali pa kuzilaza.

Lakini tukiwa tunaaga, mtumishi mmoja akatuambia neno lililofungua mlango: "Mnataka kipande? Mtafuteni aliyeshinda mnada uliopita, kabla hajaviingiza tanuru."

Nilikuwa nimefikiria pia mashamba ya mkonge. Kilosa na Tanga mashamba mengi yalikuwa na reli zao ndogo za kusombea majani, na hizo ni mali ya mwenye shamba. Akikuandikia hati ya mauzo ni halali kama angekuuzia trekta. Kwa anayetaka reli ya kutengenezea stendi au kigongeo kidogo cha sonara, njia hiyo ni nzuri na haina foleni. Sisi ilitushinda kwa wembamba wake. Reli ya troli ya mkonge ukiigonga nyundo ya kilo nne inapiga kelele kuliko inavyofanya kazi.

Mshindi tulimpata Kibaha, wiki ya saba. Ni mfanyabiashara anayelisha viwanda vya nondo, na yadini kwake reli za ratili 56 zilikuwa zimepangwa kama kuni, zina kutu nyekundu kutoka kichwa hadi kitako, sawasawa, hakuna panapong'aa. Nilifurahi kuiona kutu ile. Alitushangaa kidogo kwamba tunataka sentimita 90, halafu akatushangaa zaidi tulipouliza habari ya karatasi kabla ya bei. Alikuwa nazo zote: barua ya kushinda zabuni, risiti ya malipo ya serikali, na hati ya kutolea mzigo getini yenye tarehe, aina ya reli na namba ya lori. Akakubali kutupa nakala. Bei yake ya ununuzi hakutaka tuione, akaifunika kwa kipande cha karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Sikuwa na neno, hiyo ni siri ya biashara yake na sisi haituhusu.

Vijana wake walikata kwa mashine ya diski kubwa, si kwa gesi. Fundi ndiye aliyesisitiza. Moto wa gesi unapochemsha chuma chenye kaboni nyingi kisha kikapoa haraka, ukingo wa mkato unakuwa mgumu kama kigae na unaweza kuanza ufa. Akachagua pia sehemu yenye herufi ubavuni, na hilo lilikuwa ombi langu. Mizani ikasoma kilo 24 na nusu, chini kidogo ya hesabu ya kitabuni, kwa sababu kichwa kilikuwa kimelika kwa miaka ya magurudumu. Kwa shilingi 2,000 kwa kilo ikawa 49,000. Kwa mwenye yadi hiyo ni bei nzuri kuliko ya tanuru, ndiyo maana hakuona tabu kukata. Kwenye risiti ya EFD tukamwomba aandike hivi: "kipande cha reli chakavu, ratili 56, sm 90, kg 24.5." Aliandika. Nikapiga picha kipande kikiwa juu ya mizani, herufi zinasomeka.

Tukapanda basi la mchana. Kipande hatukukifunga kiroba. Konda aliuliza ni nini, akaambiwa ni reli, akauliza tena, akaonyeshwa karatasi ambazo hakuzisoma, akataka elfu tano ya mzigo.

Sasa gharama, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Ukijumlisha nauli za watu wawili, mzigo, fotokopi na barua, ile 49,000 ilikaribia 80,000. Ni mara mbili ya bei ya bodaboda. Muda ulikuwa wiki tisa, na ndani ya wiki hizo kuna siku tatu ambazo karakana haikufunguliwa kwa sababu Fundi alikuwa njiani. Ningepewa kazi hii upya, ningeanza kwa kumtafuta mshindi wa zabuni, siku ya kwanza, na nisingekwenda kwa niaba ya karakana moja. Pau ya mita 12 inatoa vipande 13 vya sentimita 90. Mafundi 13 wanaohitaji fuawe mtaani kwetu wapo, nawajua, wengine wangali wanafulia juu ya habu.

Kuhusu kuifunga: wengi huilaza reli kama inavyolala njiani, kichwa juu. Ikilazwa hivyo, ule ubavu mwembamba katikati unacheza kama springi, nyundo inarudi na nusu ya nguvu inapotea. Fundi aliisimamisha wima kwenye kisiki cha mwembe kilichotobolewa, ili kila pigo liwe na chuma chote chini yake. Uso wa kufulia unakuwa mdogo, ni ule mkato wa kichwa peke yake, lakini kwa kunyoosha ncha ya tindo huhitaji zaidi. Hakuchomelea kitu chochote juu yake. Reli haichomelewi kama geti. Inataka kupashwa moto kwanza kufikia nyuzi mia tatu na kitu, fimbo sahihi, na kupoa polepole, la sivyo wiki mbili baadaye weldi inabanduka na kipande cha reli. Alitumia vyuma vya pembe na bolti.

Ila aliikata kidogo. Mita kasoro iliwazidi kimo, akatoa sentimita 20 chini, akampa dogo anayejifunza kazi, ili naye awe na fuawe yake ya kufulia visu nyumbani. Herufi zilibaki kwenye kipande kikubwa. Cha dogo kikawa kitupu pande zote, kilo tano na nusu za chuma cha reli kisicho na jina wala mwaka, kinachokwenda nyumbani kwa kijana wa miaka 19 kwa baiskeli.

Nikamwambia asubiri. Nikachukua kurasa ya daftari, nikaandika kwamba kipande cha sentimita 20 kimekatwa kutoka kwenye reli iliyonunuliwa kwa risiti namba fulani, tarehe fulani, kimetolewa bure kwa fulani, na Fundi akatia sahihi na mhuri wa karakana. Tukaviweka vipande viwili ncha kwa ncha kama vilivyokuwa, nikapiga picha, mistari ya diski ikikutana.

"Hii nayo, mzee?" dogo akauliza. "Si kidude tu hiki?"

Fundi alikuwa ameshageukia jiko la makaa. "Chukua karatasi, twende kazi," akasema bila kugeuka. Dogo akaikunja mara nne, akaichomeka nyuma ya simu, ndani ya kava.